Inaposhika

Zdravko alinikabidhi funguo mbili na onyo moja:
"Klachi nimeibadilisha juzi, Milena. Inashika juu.
Usiikanyage kama unaua mende."
Akafuta mikono kwenye suruali,
akaniacha na gari jekundu, viti viwili,
paa la turubai, na miaka sawa na ya kitindamimba wangu.

Miaka kumi na tisa nimeendesha kigari cha mikate
ambacho gia zake hujibadili zenyewe,
kama mtumishi asiyengoja kuulizwa.
Mguu wa kulia ndio uliofanya kazi zote;
wa kushoto ulikaa kitako, mwinyi,
ukitazama njia kama abiria aliyelipiwa nauli.
Sasa nina hamsini na mitatu, naupeleka shule.

Siku ya kwanza lilinizimikia mbele ya duka langu mwenyewe,
saa moja asubuhi, foleni ya mkate ikiwa mlangoni.
Likaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Likafa.
Nikaliwasha. Likaruka. Likafa.
Watoto wa shule wakaanza kuhesabu kwa sauti,
na walipofika sita, mwalimu wao naye akajiunga.

Usiku niliufundisha mguu kitandani,
nikikanyaga hewa chini ya blanketi.
Viatu vya kazini vilikuwa vinene, havisikii kitu.
Nikajaribu raba. Nikajaribu soksi.
Mwishowe nikachukua viatu vya binti yangu vya kukwea majabali,
soli nyembamba kama ganda la kitunguu,
na kanyagio, kwa mara ya kwanza, likanijibu:
kwanza uzito mtupu,
halafu kitetemo,
kidogo,
kama paka anayeanza kukoroma chumba cha pili.

Hapo.

Nikapapitiliza.

Lakini mimi nayajua mambo ya namna hii.
Unga hausemi kwamba uko tayari;
unalibonyeza donge kwa kidole,
na shimo linajaa, si kwa pupa, si kwa uvivu,
na hakuna saa itakayokuambia.
Jernej nilimfundisha miaka miwili. "Dakika ngapi?" huuliza,
nami humjibu, "Kidole."
Leo Jernej ni mimi. Nauliza, sentimita ngapi,
na Zdravko ananijibu kwa simu, mdomo umejaa chakula:
"Kalio. Sikiliza kwa kalio."

Jumapili nikaupanda Vršič.
Kona zake zina namba, zimetandikwa mawe
yanayoteleza kabla umande haujakauka.
Kwenye ya nane kondoo walikuwa wamelala barabarani,
kengele shingoni, hawana deni na mtu.
Nyuma yangu pikipiki tatu za Waaustria
zimeniganda kama kupe.

Breki ya mkono juu.
Mguu wa kushoto chini kabisa, halafu unapanda,
unapanda kama kijana arudiye usiku wa manane
asitake ngazi zimwamshe mama.
Harufu ya kuungua. Naijua: mkate uliosahauliwa.
Kisha pua ya gari ikainuka upana wa kidole,
injini ikashusha sauti
kama mtu aliyepokea mzigo begani,
na nilipoishusha breki hatukurudi nyuma.
Hatukwenda mbele pia.
Tulining'inia pale, mimi na kilo elfu za chuma,
juu ya unyayo ambao jana haukujua kazi.

Kondoo wa mwisho akanitazama, akaondoka.
Nami nikaondoka.

Sitasema nilicheka. Nililia kidogo,
kona ya tisa mpaka ya kumi na moja,
na gia ya pili ikaingia kama droo iliyopakwa nta.
Kileleni nikanywa chai,
mguu ukitetemeka peke yake chini ya meza.

Nikashuka. Nikafika nyumbani.
Nikajipanga kuingia getini kwa madaha,
maana pazia la Ivanka, jirani, lilishafunuliwa.

Likaruka.
Likafa.